Mtani wa Kishiwa

Mamkubwa wangu Yunis ana mdomo mchafu, na kwa mdomo huohuo amezika watu wengi kuliko kasisi wetu. Simsifu wala simsemi, ndivyo alivyo. Ukimkuta kanisani Jumapili kule Rudewa, gauni limenyooshwa pasi, sauti yake imetulia katikati ya kwaya, utadhani maji hayamwagiki mkononi mwake. Ngoja afe Msukuma.

Sisi Wasagara na Wasukuma ni watani. Shuleni mwalimu alichora ubaoni mstari kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, akatuambia hiyo ndiyo njia ya misafara, ilipita kwetu, pembe za ndovu na watumwa wakishuka pwani, nguo na shanga zikipanda bara. Tukanakili, tukafanya mtihani, tukasahau. Nyumbani bibi yetu, aliyewazaa Yunis na mama yangu, alikuwa na habari ambazo hazikutoka kwenye mtihani. Alisema mstari ule ulikuwa na watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Waliondoka kwao wazima, wakifika kwenye milima yetu miguu imevimba na homa imewashika. Msafara haukumsubiri mgonjwa. Aliachwa kwenye nyumba yoyote iliyokuwa inafuka moshi, wenzake wakaendelea na mizigo yao. Akipona alidandia msafara mwingine, akifa alizikwa na watu wasiojua hata jina la baba yake. Na Wasagara waliobeba mizigo kwenda bara, wakaugulia kulekule Unyamwezi, walitendewa hivyohivyo.

"Sasa mtu umemwosha, umemchimbia kaburi, umemlaza," bibi alikuwa anasema, "ndugu yake akipita mwakani utamwitaje mgeni?" Ndipo ukaja utani: ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, kuchukuliana kuku bila kushtakiana, na wajibu wa kuzikana. Bibi alidai hata matusi yalianzia kwa yule mgonjwa wa kwanza. Mwenyeji alimtukana ili acheke, asife kwa woga.

Mimi naitwa Vaileth, nauza chakula Mikumi, pembeni ya barabara kuu, ng'ambo ya kituo cha mafuta. Watu wakisikia Mikumi wanafikiria twiga. Mimi twiga hanilipi chochote. Wateja wangu ni madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na utingo wao, na wanakula kama watu waliotoka vitani. Nawapenda kwa sababu hawana maneno mengi, na mimi subira sina. Mamkubwa Yunis husema nimerithi mdomo wake bila kurithi kazi yake, maana mdomo wangu unagombana tu, wake unazika.

Yeye alizaliwa juu milimani, akasomeshwa na wamisheni mpaka darasa la saba, akashuka Rudewa akiwa msichana kufanya kazi kwenye mkonge. Mkonge ulipokufa yeye akabaki, kwa kuwa alikuwa ameshaolewa na Evarist, mwanamume mpole, mrefu, mpenda pombe ya mnazi, asiye na haraka na jambo lolote. Walilima mahindi na mpunga. Wakapata mtoto mmoja tu aliyeishi, Lucas.

Wasukuma walikuwa wameanza kuingia na ng'ombe wao wakati huo. Siku moja mnadani Mamkubwa alimwona mwanamke mgeni, mnene wa mabega, amejifunga kitenge cha njano, anauza michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Hakumsalimia. Alienda moja kwa moja akachota michembe konzi nzima, akatia mdomoni, akatafuna huku anamtazama machoni.

"Babu zako," akasema mdomo umejaa, "walipita hapa na pembe kichwani mpaka shingo zikazama. Walikula mahindi ya babu yangu. Nimekuja kudai."

Yule mwanamke akaweka chini kikapu chake taratibu, akamvua Mamkubwa kilemba kichwani, akajifunga yeye.

"Na babu zako," akajibu, "walikaa mlimani wanatuchungulia kama nyani, wanasubiri tuchoke watuuzie maji. Nimekuja kudai maji."

Huyo alikuwa Kishiwa. Walicheka mpaka wakashikana mikono wasianguke, na kilemba kile Mamkubwa hakukipata tena.

Tangu siku hiyo hawakuwahi kuongea kwa adabu. Kishiwa alikuwa anakuja na kibuyu cha maziwa mgando, anaita kutoka njiani, "Wavivu wa hapa mmeamka?" Mamkubwa anaitikia "Mwangaluka", salamu ya kwao ya asubuhi, kwa kuivuta sauti puani, Kisukuma cha dhihaka, kisha anapokea kibuyu na kusema maziwa yananuka kwato. Akamfundisha Kishiwa kupika mlenda wa kwetu. Kishiwa akamfundisha kukata viazi na kuvianika viwe michembe. Mume wa Kishiwa, mzee Shimba, Mamkubwa alimwita mpagazi. "We mpagazi, leo umebeba nini?" Naye mzee, mtu wa heshima zake, mwenye ng'ombe wengi, alikuwa anainua mikono mitupu na kusema, "Nimekuja kukubeba wewe, ila uzito wa ulimi sitauweza." Godfrey, mtoto wao mkubwa, na Lucas wetu walikua pamoja wakiyasikia haya, wakatukanana vivyo hivyo, wakacheza mpira timu moja.

Evarist alipofariki, ndipo nilipouona utani wenyewe kwa macho yangu. Tulikuwa tunalia kama mnavyojua watu wanavyolia. Kasisi amesimama na kitabu chake, jeneza liko tayari. Kishiwa akapenya katikati ya watu, akavua viatu, akashuka kaburini, akalala chali.

"Fupi!" akapiga kelele kutoka chini. "Huyu mtu alikuwa na miguu ya kukimbilia mnazi, mmemchimbia kaburi la mbilikimo! Na sitoki. Huyu ni mdeni wangu. Nileteeni jogoo."

Kasisi, kijana mgeni kutoka Dodoma, akafunga kitabu akafungua tena. Mtu akacheka, na mwingine naye. Mamkubwa mwenyewe, mjane, aliyekuwa hajala tangu juzi, akainua uso na kusema, "Jogoo gani, mwizi mkubwa we! Aliliwa na marehemu!" na kicheko kikamtoka pamoja na kamasi. Alikula ugali siku hiyo. Jogoo akaletwa, Kishiwa akatoka kaburini vumbi tupu, akamkabidhi kasisi nafasi yake kwa kupiga goti. Mimi nilikuwa sijaelewa utani una kazi gani duniani, siku ile nikaelewa. Mtu wako akifa unahitaji mmoja aliye karibu kiasi cha kuruhusiwa kuchezea msiba wako.

Haya mengine yaliyofuata nayasimulia na hasira yangu, na sitaomba radhi.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema. Malisho yakaisha, ng'ombe wakawa wengi kuliko majani, na makundi kutoka mbali yakawa yanapita usiku na mchana kutafuta maji. Kundi moja likaingia kwenye mpunga wa watu wetu. Asubuhi palikuwa pamebaki matope. Mpunga wa Lucas ulikuwa humo, wote. Ng'ombe hawakuwa wa Shimba, kila mtu alijua hawakuwa wa Shimba, lakini wenye ng'ombe wale walishapotea na Shimba alikuwa karibu. Vijana wakakusanyika, wakaenda kwenye boma lake na mapanga. Ng'ombe walikatwa miguu wakiwa zizini. Godfrey alipigwa panga kichwani. Lucas alirudi nyumbani na damu kwenye shati, akamwambia mama yake kwamba alikwenda kuwazuia wenzake. Mamkubwa akaamini, au aliamua kuamini. Mama ana mtoto mmoja, mlitaka aamini nini?

Vikao vilikaa. Wakubwa walikuja na magari, wakaongea, wakaondoka. Mwisho ikaonekana amani itapatikana wafugaji wakihama, na Shimba, aliyeishi pale miaka mingi na kuzika wajukuu pale, akahama pamoja nao. Walikwenda upande wa Kidodi, kwenye miwa, wakapata kipande cha kukodi. Ng'ombe waliobaki wakauzwa. Mamkubwa alikwenda kuwaaga, akakuta wameshapakia. Alimtukana Kishiwa kwamba anahama kwa sababu amechoka kuoga, na Kishiwa akamrudishia, lakini wote wawili hawakuwa na pumzi ya kutosha. Godfrey alikuwa amefungwa bendeji kichwa kizima, akakaa ndani ya gari akitazama mbele.

Baada ya hapo walikuwa wanakutana kwangu. Kishiwa alianza kuumwa tumbo, anakuja hospitali, na kila akija Mikumi Mamkubwa anapanda gari kutoka Rudewa. Wanakaa kwenye benchi langu la nyuma, wanaagiza chai moja na vikombe viwili, wananichafulia biashara kwa matusi. Dereva mmoja wa Kizambia aliniuliza kama wanagombana, nikamwambia ale chakula chake.

Kila nilipomwona Kishiwa alikuwa amepungua. Mara ya mwisho kitenge kilimzunguka mara mbili. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, akasema, "We Msagara. Nikifa nani atalala kaburini kwangu? Kule tuliko hatujuani na mtu. Watanifukia kama mbwa aliyegongwa."

"Utakufa lini niandae mdomo?" Mamkubwa akauliza.

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Nitakuja nikutukane mpaka malaika waliokufuata waghairi. Popote watakapokupeleka, nipo."

Kishiwa akasema, "Wabeja sana," asante ya kwao. Nikaingia jikoni kugeuza chapati ambazo zilikuwa hazijafika wakati wa kugeuzwa.

Alifariki mwaka huu, kabla ya Pasaka. Mzee Shimba alimpigia Mamkubwa simu mwenyewe. Alisema, "Mtani wako amekutoroka." Kisha akaeleza kwamba watoto wameamua kumpeleka Usukumani, Kwimba, alikozaliwa. Mahali wanapoishi pamekodiwa. Rudewa, ambako kuna makaburi ya wajukuu, hawawezi kurudi. Godfrey alisema hawezi kumzika mama yake kwenye shamba ambalo kesho mwenyewe atalitaka. Gari litapita Mikumi saa nne asubuhi. "Tukukute hapo," mzee akasema. "Amekuwekea nafasi garini."

Lucas alipomwona mama yake anafunga mkoba, akasimama mlangoni. Haya nilisimuliwa na jirani yake, Happyness, aliyekuwa anasikia yote kutoka uani kwake. Lucas alisema watu watamwonaje, baada ya yaliyotokea mama yake anakwenda kuwazika wale. Mamkubwa akamwambia apishe. Lucas akasema, "Mama, usiende. Nakuomba usiende." Happyness alishangaa kwamba hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeogopa. Mamkubwa alimsukuma begani, akatoka.

Alifika kwangu jioni, akalala kwangu, asubuhi akavaa vizuri. Kwenye mkoba alikuwa na kanga, koti la baridi, maandazi niliyompikia na jembe dogo la mkono alilotoka nalo nyumbani, kwa sababu mtani haendi kaburini mikono mitupu. Alikuwa na huzuni lakini alikuwa na kazi, na kazi ilimshikilia. Alikuwa anapitia maneno yake midomo ikitembea. Akaniuliza, "Nikimwita mwizi wa kilemba, watu wa Kwimba wataelewa?" Nikamwambia utawaeleza.

Gari likaja, Landikruza ya kukodi, taa zote zinawaka mchana, tawi bichi limefungwa mbele. Lilipunguza mwendo kuingia kituo cha mafuta. Mamkubwa akakimbia. Mwanamke mwenye magoti mabovu, sijawahi kumwona anakimbia. Akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, lori la mbao likafunga breki nyuma yake.

"Simama!" akapiga kelele. "Nani kawaruhusu kupitisha mzigo huu kwetu? Babu zenu walipita hapa na pembe za ndovu, tukawapa maji! Leo mmebeba nini? Shanga hamna, nguo hamna, mmebeba bibi kizee mwenye meno mabovu! Kishiwa! Umelala? Umezoea! Ulilala ng'ombe wakajikamua wenyewe! Shuka unirudishie kilemba changu, mwizi wa mnadani!"

Madereva walitoa vichwa madirishani. Nyuma ya gari, pembeni ya jeneza, alikuwemo mama mmoja mtu mzima, dada yake Kishiwa, aliyekuja kutoka Kwimba kuuguza. Alikuwa ameinamia magoti yake. Alipoyasikia yale akainua kichwa, uso ukafunguka, akapiga makofi. "Mtani kafika!" akaita. "Jamani, mtani kafika!" Akawa anacheka na machozi yanamtoka. Marciana, binti mdogo wa Kishiwa, akaanza kucheka pia, ameziba mdomo kwa kanga. Mbele, mzee Shimba alikuwa ameshateremsha kioo, ananyoosha shingo atoe jibu lake. Nilifurahi, naapa. Nilisema moyoni, basi, imewezekana.

"Sipishi!" Mamkubwa alikuwa anaendelea. "Nipeni kiti! Bila kiti hamwoni Dodoma!"

Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka Godfrey. Amekuwa mtu mzima kweli, ana kitambi kidogo, amevaa kofia ya kitambaa. Mzee Shimba akasema, "Godfrey, huyu ni mtani," naye akajibu, "Baba, tulia," bila kugeuka. Akaja mpaka mbele ya Mamkubwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mamkubwa alicheka. "Shikamoo ya nini, mtoto wa mpagazi? Nataka kiti."

"Mama, tuna safari ndefu. Naomba utupishe."

"Mtani hapishi bure. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa." Alikuwa anaongea taratibu, kwa heshima yote, na ile heshima ilinitisha kuliko kama angepiga kelele. "Nilikuwepo mama akilala kwenye kaburi la baba Evarist. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumtoa. Najua utani wote, mama, sikatai." Akavua kofia. Kovu lilitoka juu ya sikio likapita mpaka utosini, nywele hazikuota. "Siku ile walipokuja bomani, sisi tulikuwa ndani, tumefunga mlango. Nikasikia mtu anaita nje, anacheka. Anasema, 'Toka, mpagazi, tumekuja kula kuku wetu.' Nikawaambia wa ndani msiogope, hao ni watani. Nikafungua. Nikatoka na mimi nacheka, mama. Nilikuwa natafuta tusi la kuwarudishia."

Mamkubwa alikuwa bado ameshika kiuno.

"Aliyeita ni Lucas," Godfrey akasema.

Lori la mbao likapiga honi. Nilimtazama Mamkubwa nikingojea, kwa sababu sijawahi, tangu nipate akili, kumwona amekosa jibu. Midomo ilifunguka. Mikono ikashuka kutoka kiunoni, ikawa inaning'inia tu. Godfrey hakuwa na furaha ya kumshinda, nataka hilo lieleweke, nisimpake matope kijana wa watu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Alisubiri hata yeye. Nadhani alitaka ajibiwe, atukanwe, aambiwe uongo, chochote.

"Marehemu alimwahidi," nikasema mimi, maana nilishindwa kunyamaza. "Godfrey, ni mama yako aliyemwomba. Kwenye benchi langu hapo."

"Najua, dada. Aliniambia na mimi." Akavaa kofia yake. "Sitaweza kukaa naye gari moja mpaka Kwimba nikisikiliza utani. Nimejaribu usiku kucha kuweza."

Mamkubwa akasogea pembeni. Hakusukumwa, alisogea mwenyewe, akajibanza ukingoni mwa lami na mkoba wake, kama abiria aliyeambiwa gari limejaa. Mzee Shimba alikuwa bado ametoa kichwa dirishani. Alikuwa baba wa nyumba, lakini gari lilikodiwa na mtoto, na safari ilikuwa ya mtoto, na kovu la mtoto. Dada yake Kishiwa aliuliza kwa Kisukuma kuna nini, Godfrey akapanda akawasha gari. Gari likaondoka bila hata kujaza mafuta. Marciana alimpungia Mamkubwa mkono mpaka wakapotea upande wa Morogoro.

Nilipandwa na hasira nikataka kumpiga mtu. Nikamwambia Mamkubwa tupande basi, tutawakuta Dodoma, tutafika Kwimba kabla hawajachimba. Nauli ninayo. Akatikisa kichwa.

"Mtani hajipeleki, Vaileth. Anapokewa."

"Basi tukawaambie wazee wao. Wale wazee wa kwao wanaujua utani."

"Wanaujua," akasema. "Na yeye anaujua." Akaomba maji, akanywa nusu.

Nilifunga biashara, nikamrudisha Rudewa. Lucas alikuwa uani anachonga mpini. Alituona, akauona mkoba, akamwona mama yake usoni, akajua kwamba anajua. Alisimama. Nilidhani sasa nyumba itawaka moto, na nilitaka iwake. Mamkubwa alipita mbele yake, akaingia jikoni, akawasha moto, akapika ugali. Akamtengea. Lucas akala, kichwa chini, tonge kwa tonge, mpaka akamaliza. Hapakuulizwa swali. Angemuuliza nini? Akisema ndiyo, afanye nini, amfukuze aende wapi? Akisema hapana, atamwamini vipi? Mimi ningekuwa yeye ningemwaga sufuria. Lakini mimi si mama yake Lucas.

Nilikaa nao siku kadhaa. Mamkubwa alilima, alikwenda mazoezi ya kwaya, alirudi. Lile jembe dogo alilirudisha ukutani.

Mzee Shimba alipiga simu siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Mamkubwa hasikii vizuri simu, kwa hiyo aliiweka sauti kubwa, nami nikasikia yote. Walifika salama, akasema. Walizika. Watu walikuwa wengi, kwaya iliimba vizuri, kaburi limejengewa saruji. Mtandao ulikuwa unakoroma.

"Hakuna aliyecheka," akasema. "Tulilia tu, mwanzo mpaka mwisho. Nikawa namtazama Godfrey, namwona anageuka geuka, anaangalia njiani." Akavuta pumzi. "Mimi nimeshindwa kula. Ugali haushuki. Sasa nimekaa huku nyuma ya nyumba peke yangu, hawanisikii. Hebu nitukane mimi. Tusi moja tu. Nitukane, mtani."

Mamkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, simu kiganjani, ameishika mbele ya uso. Lucas alikuwa ndani, mlango uko wazi, na kelele zake za kuvaa viatu zilikuwa zimekoma. Niliona Mamkubwa analitafuta. Nilimwona kabisa akilitafuta, shingo imekaza, midomo inajikusanya, na mimi nikawa namsaidia kimoyomoyo, nikimwombea lije hata moja, mpagazi, mwizi, mla michembe, lolote. Lakini matusi yote tuliyokuwa nayo, Lucas alikuwa ameshayatumia siku ile mlangoni kwa Godfrey.

"Pole sana, baba Godfrey," akasema. "Mungu awatie nguvu."

"Asante, mama Lucas," mzee akasema, akakata simu.